Kadi ya Gari kwa Jina la Kaka

Mwanangu, siku nilipoambiwa nahamishwa kutoka kambi ya Unguja kwenda Songea naikumbuka vizuri, maana ndiyo siku nilipoanza kumpoteza kaka yangu.

Nilikuwa askari kijana, nina pikapu niliyoinunua kulekule kisiwani, ina namba za Zanzibar. Ukivuka nayo kuja bara unapewa kibali cha muda. Kikiisha, uirudishe au uisajili upya. Na sisi wanajeshi unatujua, leo huku, kesho kule. Nikaona bora niisajili Moshi kwa jina la kaka Elibariki, aliyekuwa akilima kahawa kijijini kwetu Masama na haendi popote.

Sajini wangu, mtu wa makamo, alinikataza. "Omba ruhusa, ukaisajili kwa jina lako. Uhamisho haukuzuii kumiliki gari." Nikamcheka. Nikamwambia yule ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja.

Miaka ikapita. Pikapu ikabaki kwa kaka, ikawa inabeba ndizi na kahawa, nami sikuona ubaya. Kisha nikaja likizo, nikamkuta mama amevimba miguu, hawezi hata kufika barabarani. Nikamwomba kaka ufunguo nimpeleke hospitali, Mawenzi.

"Gari nimeshauza," akasema, huku anaendelea kupogoa mibuni.

"Gari langu?"

"Kadi ina jina la nani, mdogo wangu?"

Polisi nao waliniuliza hivyohivyo, kwa upole. Mama alishuka mlima juu ya pikipiki ya jirani, mimi nimemkumbatia kwa nyuma asidondoke. Hakurudi akiwa hai. Tulimzika kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba, kaka upande ule wa kaburi, mimi upande huu. Hadi leo tukikutana kanisani tunatikisiana vichwa tu. Nilidhani uchungu utaisha. Haujaisha, sikudanganyi.

Sasa nasikia nawe umehamishwa, na unataka kadi ya gari lako iandikwe jina la shemeji yako. Usifanye hivyo. Lisajili kwa jina lako, hata kama itakula likizo yako yote. Ndugu akitaka kulitumia gari, mwachie alitumie, lakini kadi usimpe. Hapo unamlinda na yeye pia. Elibariki hakuzaliwa mwizi.

Haya, nenda. Mungu akufikishe salama kituoni, na siku ukirudi, uwakute ndugu zako bado ni ndugu zako.