Fundi Aliyeishi kwa Lifti

Kisiwa kile kilikuwa na barabara moja tu ya kukizunguka, na basi lake lilikuwa limekufa zamani. Kwa hiyo Bi Sindano, fundi wa vyerehani, aliishi kwa lifti. Asubuhi alisimama njia panda na kisanduku chake cha bati, akanyoosha mkono, akapakiwa. Nauli yake ilikuwa maneno. Madereva walisema ukimbeba Bi Sindano huna haja ya redio.

Upande mmoja tu hakuwa akifika: kaskazini, kwa mdogo wake. Walikosana siku ya msiba wa mama yao kwa neno lililotoka vibaya, na neno likishatoka halirudi. Ikapita miaka sita.

Jumanne moja gari la maziwa lilisimama kabla hajanyoosha mkono.

"Shangazi, nina ujumbe wako," dereva alisema. "Mdogo wako cherehani chake kimeharibika. Anatafuta fundi."

"Kasema fundi, au kasema mimi?"

Dereva akakuna kidevu. "Kasema fundi. Lakini kisiwa kizima fundi ni wewe tu."

Akapanda. Kilomita ishirini nzima hakufungua mdomo, mpaka dereva akadhani anaumwa. Kwenye mteremko wa mwisho ndipo aliposema:

"Punguza mwendo, mwanangu."

"Mbona naenda polepole, shangazi."

"Punguza tena."

Dereva akaegesha kando, akazima injini. Maziwa yalikuwa yanapata joto nyuma, naye akatulia kama mtu asiye na haraka, hadi Bi Sindano aliposema, "Haya, twende."

Mdogo wake alikuwa mlangoni, mvi zimemjaa kichwani. Walisalimiana kama wageni. Cherehani kilikuwa karibu na dirisha, na sare ya shule juu yake, mkono mmoja haujashonwa. Bi Sindano akapiga magoti kutazama, na hapohapo akauona ugonjwa. Mkanda wa kuzungushia gurudumu haukuwa umekatika. Ulikuwa umevuliwa, ukakunjwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kuurudisha ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anatazama sakafu.

"Ubovu wake ni mkubwa?"

Bi Sindano akafungua kisanduku, akaanza kupanga bisibisi chini, moja baada ya nyingine.

"Mkubwa, mdogo wangu. Utanichukua siku nzima."

"Basi nikupikie nini, dada?"

Alipaka mafuta kila kiungo cha mashine ile, hata kisichohitaji, huku mwenzake akikata vitunguu. Mchana, bila kugeuka, mdogo mtu akasema, "Siku ile nilisema vibaya."

"Na mimi nikajibu vibaya zaidi."

Gari la maziwa liliporudi na kupiga honi, mdogo mtu ndiye aliyetoka. Akamwambia dereva aende zake, fundi bado hajamaliza.

Alikaa huko siku tatu.