Fundi Viatu Apaka Nta Sufu

"Umepaka nta sufu? Nta!"

"Uzi usio na nta hukatika, jirani. Muulize yeyote."

"Nimuulize nani, kiatu?"

Ni saa tatu asubuhi, kibarazani kwa fundi viatu. Jirani yake mfuma sweta, ambaye mtaa unamwita Mama Sweta, ameshika uzi uliokakamaa kama waya. Fundi anamtazama kama aliyeonewa.

Habari za mtaa huu hazibishi hodi. Kufikia saa nne kibaraza kimejaa washauri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika sindano ya kufuma.

Fundi anataka kofia moja tu. Mjukuu wake wa kwanza amezaliwa kabla ya siku zake, na wauguzi wamesisitiza kichwa kikae na joto. Binti yake anaruhusiwa kutoka hospitali keshokutwa.

Mama Sweta alijitolea kuifuma. Fundi akakataa katakata.

"Wanangu wanne wote, kiatu cha kwanza nilishona mimi," anasema. "Huyu mguu wake haufiki kidole gumba changu. Kiatu kitasubiri. Kichwa hakisubiri."

Analetewa uzi mpya. Anaanzisha vitanzi kwenye sindano, kimoja kimoja, na kila kimoja anakivuta hadi kinalia. Sindano ya pili haipati pa kupenya. Anafumua. Mara ya tano sasa.

"Legeza, fundi! Hapa hufungi mbuzi."

"Miaka thelathini na moja, mshono ukilegea mteja anarudi na matusi. Leo mkono niuambie nini?"

Washauri wanacheka. Yeye hacheki, anautazama ule uzi.

Mama Sweta anaziunganisha sindano mbili, anamkabidhi. "Basi kaza utakavyo. Anzisha juu ya zote mbili."

Anakaza. Vitanzi sitini.

"Sasa chomoa moja."

Anachomoa, na vitanzi vinabaki vimepumua. Sindano inapenya cha kwanza kama mguu kwenye kiatu kilichozoea. Kibaraza kinashangilia kana kwamba mtoto amezaliwa tena.

"Keshokutwa akifika aikute," anasema fundi, bila kuinua macho.

Mkewe anachungulia mlangoni, mwiko mkononi, anamwita Mama Sweta.

"Mwalimu, karibu ndani tule. Wahi, kabla huyu hajaupaka nta hata wali."