Jogoo wa Mama na Watu wa Kwenye Simu

Singida kuku ni biashara. Ukisimama stendi na jogoo mkononi, wa kwanza kupita atakuuliza bei, wa pili atamminya kifua kupima nyama. Ukiwaambia humuuzi wala humli, unamfuga ili umtazame, wataacha kumtazama jogoo wakutazame wewe. Mimi ni mmoja wa vichaa hao. Nafuga kuchi, wale kuku warefu wa miguu na shingo, wenye mdomo mfupi uliopinda na mwendo wa diwani aliyeshinda uchaguzi jana. Mchana nashona nguo sokoni. Jioni nikishafunga cherehani nakaa kwenye kigoda mbele ya banda, na majirani wameshachoka kunicheka.

Kwa hiyo mama mmoja wa hapa mjini, mfuga kuchi kama mimi, aliponiingiza kwenye kundi la simu alilokuwa akiliongoza, nilijiona nimefika kwa ndugu. Walikuwa watu wa kila mkoa. Asubuhi tunaamkiana, tunaulizana dawa ya kideri, tunapeana pole za vifaranga walionyakuliwa na mwewe. Ijumaa ilikuwa siku ya picha. Mwenye jogoo anayejivunia anamweka, wenzake wanamsifu au wanamchambua kuanzia kucha hadi upanga wa kichwani. Nilikuwa naisubiri Ijumaa kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Maneno makubwa ya kundi yalikuwa damu na mbegu. Damu hii kali, damu ile imepoa, mbegu ya kule usiichanganye na ya huku. Kwa kuku sina ubishi. Tatizo ni kwamba mazungumzo yale hayakubaki bandani. Mtu akiibiwa kuku, anaulizwa jirani zake ni kabila gani. Mtu akichelewa kutuma mayai aliyoahidi, kabila lake linatajwa kabla hajajieleza. Hawa wezi, wale wachawi, hawa wabahili, wale usioe kwao. Kisha vile vikatuni vinavyocheka hadi machozi, mstari mzima. Aliyeongoza kucheka alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Issuna ambaye kundi lilimwita bingwa, kwa sababu kwa kuku alijua kweli. Kabila lake silitaji. Nikilitaja kuna msomaji atasema, "Ahaa, ndivyo walivyo," na nitakuwa nimeifanya kazi ya bingwa bila hata kuombwa.

Mimi ni Mgogo wa Manyoni. Neno letu sisi linajulikana nchi nzima, na sihitaji kulitafuta: ombaomba. Nimelisikia tangu shule ya msingi. Mtu analisema huku anacheka, halafu anakutazama kama na wewe utacheka, na usipocheka unaambiwa una hasira za karibu. Ni kweli ninazo.

Mama yangu aliishi Manyoni, karibu na reli alikofanyia kazi marehemu baba. Alilima uwele na karanga hadi mgongo ukakataa. Akiishiwa chumvi alikuwa tayari kula mlenda chapwa kuliko kugonga mlango wa mtu, na siku akilazimika kuazima, alirudisha kwa kikombe kile kile, kimejaa hadi kinamwagika. Nilimpelekea kifaranga cha kuchi baada ya mbwa wake kufa, ili apate cha kumsemesha. Alimlea ndani ya nyumba, chini ya meza. Kile kifaranga kikawa jogoo mwekundu wa kutisha, akisimama kichwa kinafika kiunoni kwa mama, na kila mgeni aliyeingia uani alikaguliwa na jogoo kwanza.

Nilipokwenda kumtembelea nikamwambia mama kuna watu kwenye simu yangu watapenda kumwona jogoo wake. "Subiri nivae," akasema. Alikaa ndani hadi nikachoka. Akatoka amevaa kitenge cha kanisani na kilemba chake cha harusi za watu, amempakata jogoo kwa mikono miwili, shingo ya ndege imesimama sambamba na sikio lake. Hakutabasamu. Watu wa umri wake huona picha ni jambo la heshima, na heshima haina meno nje. Nilipiga picha moja tu na ilitosha.

Ijumaa nikaiweka.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Jogoo alisifiwa miguu, akasifiwa kifua, mtu wa Tabora akasema hajawahi kuona shingo kama ile. Bingwa mwenyewe aliandika kwamba hiyo ndiyo mbegu. Kisha akauliza huyo bibi ni nani na ni wa wapi. Nikajibu kwa furaha yangu yote: ni mama yangu, Mgogo wa Manyoni.

"Mgogo!" akaandika. "Sasa huyu jogoo kamwomba wapi?"

Ndivyo ilivyoanza. Mmoja akauliza bakuli liko wapi, mbona halionekani kwenye picha. Mwingine akasema jogoo anafundishwa kunyoosha bawa barabarani, "naomba mia mjomba". Mwingine akaichukua picha ya mama yangu, akamchorea fimbo na kopo, akairudisha. Vikatuni vilicheka hadi kioo cha simu kikajaa. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, mteja anasubiri sketi yake.

Niliandika, "Huyo ni mama yangu mzazi. Futeni hiyo picha."

Bingwa akajibu upesi. "Dada, mbona unakuwa mkali? Utani tu. Sisi na ninyi ni watani tangu enzi za babu."

Kiongozi wa kundi alinipigia pembeni. Sauti yake ilikuwa ya huruma, hilo siwezi kumnyima. "Mwenzangu, wapotezee. Wanaume ndivyo walivyo. Ukijibu ndiyo wanazidi, na mimi sitaki kundi lipasuke." Nikamuuliza kama angekuwa mama yake angesemaje. Akasema ana wageni.

Basi nikampigia bingwa mwenyewe. Sikutaka kuandika tena. Kwenye maandishi kila mtu ni jasiri. Alipokea akiwa dukani, nasikia watu wanapimiwa mchele.

"Kaka, habari za kazi," nikamwambia. "Ni mimi, mwenye picha ya mama."

"Ooh, dada yangu! Bado umenuna?"

"Nimekupigia tuzungumze utani. Umesema sisi watani."

"Ndiyo, watani kabisa."

"Mtani ana kazi, kaka. Kwetu Manyoni mtani ndiye anayeshika jembe msibani. Anachimba, anabeba, anazuia jeneza, anatukana marehemu hadi wafiwa wacheke. Ndiyo maana siku nyingine anaruhusiwa kusema anachotaka. Mama yangu ni mzee. Akifa, utakuja kuchimba?"

Akacheka, cheko refu la mtu mwenye tumbo. "Nitakuja dada. Nitakuja na jembe langu na chepeo. Haya, tumemaliza?"

"Futa picha."

"Aliyeichora si mimi."

Kabla sijairudisha simu mfukoni alikuwa ameshaandika kundini: jamani, nimepewa ajira ya kuchimba kaburi Manyoni, mwenye chepeo aniazime. Wakacheka upya. Ile picha hakuna aliyeifuta.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikutoka siku ile ile. Nimejiuliza pia. Jibu ni mama. Jioni ile alipiga simu, na alikuwa hapigi ovyo, maana aliamini simu inaisha kama sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watu wa kwenye simu wamesemaje?"

"Wamempenda sana jogoo, mama. Wamesema hiyo ndiyo mbegu."

"Na mimi je?"

"Na wewe wamekupenda. Wamesema umependeza."

Nilimsikia akimgeukia jirani yake na kumweleza kwa Kigogo, sauti imejaa maringo ambayo sikuwahi kuyasikia kwake. Tangu hapo kila akipiga aliniuliza habari za watu wa kwenye simu. Wamesalimu? Yule wa Tabora uliyesema kuku wake wanaumwa, wamepona? Aliwatumia salamu. Akataka niwaambie kwamba jogoo amejifunza kupanda juu ya ndoo. Ningemwambiaje kwamba nimeondoka, na kwa nini? Nilibaki kundini ili nisimdanganye zaidi ya nilivyokwisha mdanganya. Kila Ijumaa nilifungua simu nikameza nilichokikuta. Salamu za mama sikuzifikisha hata moja. Nilizikalia, kwa sababu sikuona mle ndani mtu wa kupewa.

Mama alifariki wakati wa mavuno ya uwele, baada ya homa ya siku chache. Habari aliiweka kundini yule kiongozi. Nikiwa ndani ya basi la Manyoni niliona rambirambi zinaingia: ile mikono miwili ya dua, mtu baada ya mtu, mingine bila hata neno "pole". Bingwa aliandika, "Pole dada, Mungu ampumzishe bibi." Basi lilikuwa linapita Issuna. Lilisimama kabisa, watu wakanunua vitunguu dirishani. Nilitazama nje kama mjinga. Nilikuwa namtafuta mtu mwenye jembe, na sura yake hata siijui.

Kaburi alilichimba mtani wetu wa kweli. Ni mzee wa Kinyamwezi aliyefanya kazi na baba relini, nyumba yake inatazamana na ya mama, na sisi watoto tunamwita baba mdogo. Ana magoti mabovu. Vijana walimwambia akae pembeni awaelekeze, akawafukuza. Alichimba kwa zamu kama wao, akipumzika kwa kuegemea ukuta wa shimo, na lilipokamilika akakataa kutoka. Akalala chali humo ndani, mikono kifuani.

"Hazikwi!" akapiga kelele. "Huyu ombaomba ameniomba chumvi miaka yote, leo anakimbia bila kurudisha! Wagogo bwana! Kwanza hili shimo ameliomba kwa nani?"

Makaburini pote watu walicheka. Hata mchungaji alifunika mdomo kwa kitabu. Kila mtu pale alikijua kikombe cha mama, na hakuna aliyewahi kukiona kinarudi bila kufurika. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini, na nilipokaa ndipo nikalia kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu. Neno lilikuwa lile lile. Nilikuwa nimelibeba kifuani miezi kama mwiba wa samaki, na mzee mwenye udongo kichwani akalitoa kwa kulisema tena. Walipomvuta kutoka shimoni niliona uso wake umelowa, na hakujisumbua kuufuta.

Tuliporudi nyumbani mtani akaenda moja kwa moja uani, akamkamata jogoo. Ndiyo haki yake. Mtani huchukua kitu cha marehemu na mfiwa hasemi neno, na akisema anachukuliwa kingine tena. Shangazi alinitazama kwa wasiwasi, anajua ninavyowapenda wale kuku. Nikamwambia mwacheni. Jogoo alipikwa na wachimbaji wakamla kwa ugali, mguu mmoja mzee akauweka kwenye sahani yangu. Alikuwa mgumu, kuchi ni misuli mitupu. Niliutafuna wote.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi Singida, bingwa aliandika kundini mbele ya wote.

"Dada, pole tena kwa msiba. Samahani kwa kuuliza mapema, yule jogoo wa bibi yuko wapi? Mbegu ile isipotee. Naomba unifikirie mimi kwanza. Hata yai naomba."

Niliisoma mara mbili, zile "naomba" zote mbili.

"Ameliwa," nikajibu. "Mtani wa mama alimchukua siku ya maziko."

Hapo ndipo nilipowaona watu wa kwenye simu wakilia. Kwa mama walituma mikono. Kwa jogoo walipata maneno. Mtu wa Tabora alisema moyo umemuuma, hatalala. Mwingine akaandika maelezo marefu juu ya damu iliyopotea, akiitaja miguu, kifua na shingo, hakusahau kitu. Kiongozi wa kundi alinitumia pole pembeni, ndefu kuliko ile ya msiba. Bingwa alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Mtani gani huyo asiye na akili?" akaandika. "Anakula jogoo kama yule? Nani alimpa ruhusa?"

Nilikuwa kwenye cherehani. Nikaweka kitambaa chini, nikaandika kwa utulivu, kisha nikatoka kundini kabla hakijachomoza kikatuni cha kwanza.

"Alichimba kaburi kwanza."