Viti vya Landrova

Nilikuwa fundi katika gereji moja mjini Nairobi. Siku moja mkulima alituletea Landrova kuukuu, akataka ing'olewe viti vya nyuma ili abebee mikebe ya maziwa, bila gharama kubwa. Nilipoikuta Landrova uani, sikumuuliza mtu. Niling'oa viti, nikavikatakata kwa msumeno nipate vyuma vya kushikilia sakafu ya mbao. Kazi ilinipendeza, hata nikapiga mluzi.

Adhuhuri akaja padri mmoja kutoka Kileleshwa akiwa na masista wawili.

“Fundi, pancha yangu umeshaziba?”

Nikachungulia nyuma ya gereji. Landrova ya mkulima ilikuwa huko, haijaguswa.

Padri aliitazama yake pale uani, akafungua mlango wa nyuma. Sista mmoja akaniuliza kwa upole, “Sasa sisi tutakaa wapi?”