Bobini Ngumu Kama Jiwe

...basi leo ndiyo nimeaibika kabisa, jamani!

Mume wangu kaniachia mashine yake ya kuviringisha uzi.

Nikaongeza uzito unaokandamiza bobini, lile fungu la uzi linaloviringishwa. Nilidhani uzi ukikazwa ndio mzuri.

Tukaichovya kwenye rangi. Nje nyekundu, ndani nyeupe pe, rangi haikupenya!

Na ni uzi wa sweta ya mama mkwe, zawadi yangu ya kwanza kwake.

“Chérie, hii ni bobini ao jiwe?” Anacheka, huyu mwanaume wangu mtamu. “Ikinenepa, iko na uzito wake. We punguza ule wa mashine kidogo kidogo.”

“Nitajuaje imetosha?”

Tukaviringisha nyingine. Akasimamisha mashine, akashika kidole changu, tukabonyeza. Kikazama kidogo tu. “Hapo imetosha.”

Bobini ya pili ni nyekundu mpaka moyoni!

Nyie mngejuaje bila kuonyeshwa?

Na wewe mama mkwe, kabla mwezi haujaisha tunakuja Kanama kukuvalisha sweta yako.