Kikombe Kimoja Busisi

Nilipotoka Mkuyuni, Mwanza, asubuhi ile nilikuwa na chupa mbili za maji, mandazi mawili na mipira miwili ya tairi ya akiba. Mwenye duka aliyeniuzia aliitazama baiskeli moja iliyosimama mlangoni kwake, akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia anakuja. Sikukusudia kudanganya. Mtu aliyezaliwa pacha hununua vitu viwili viwili bila kufikiri, na miezi kumi tangu tumzike dada yangu haikuwa imenitoa kwenye mazoea hayo.

Safari ilikuwa wazo lake. Tulikulia Kigongo, ambako mama yetu alikaanga samaki na kuwauzia watu waliosubiri kivuko. Siku moja walishuka Wazungu wawili, mume na mke, wamekokota baiskeli zilizojaa mizigo, jasho linawatiririka, wakasema wako likizo. Tulicheka wiki nzima. Mtu anapewa likizo, halafu anaitumia kujitesa! Miaka ikapita, tukazaa, tukaanza kuota mvi, na siku nguzo za daraja la kuvuka ziwa zilipochomoza majini dada akanikumbusha Wazungu wale. Likifunguliwa tu, akasema, na sisi tutajitesa. Siku tatu: Mwanza hadi Misungwi, kisha Kigongo, tuvuke hadi Busisi, tulale Sengerema, turudi kwa kivuko cha Kamanga. Misungwi haikuwa njiani hata kidogo, ni kwenda na kurudi nyuma. Aliitaka kwa sababu hatukuwahi kulala huko. Ukibishana naye alikuwa anacheka tu mpaka unachoka.

Presha ikamchukua kabla daraja halijafunguliwa.

Kwetu pacha haliliwi. Siku ya mazishi shangazi alinishika mkono tangu asubuhi, na kila midomo yangu ilipoanza kutetemeka alinifinya. "Usilie," aliniambia sikioni. "Ukimlilia atajua amekufa." Hata neno hilo halisemwi kwa pacha, husemwa ameenda kuteka maji. Kuanzia siku hiyo, kila nilipokwenda kwa ndugu nilipakuliwa sahani mbili, na nilikula zote mbili huku wakinitazama. Nilimkasirikia shangazi, na nilimwamini. Kilio kikanikaa kifuani kama tonge lililokwama. Ndiyo sababu nilipanda baiskeli. Nilitaka kufika ng'ambo, mahali ambapo hakuna anayenijua, nilie nimalize, nirudi nyumbani nimepona.

Nilianza kumsikia kabla sijafika Usagara. Baiskeli yake ilikuwa na kava la cheni lililopinda, kila mzunguko linakwaruza, na alikataa kulitengeneza kwa miaka. Baiskeli hiyo nilikuwa nimeiacha nyumbani, imeegemea ukuta wa jiko, tairi zimekwisha upepo. Lakini ule mkwaruzo ulikuwa nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, unapungua. Nikishuka kukokota kwenye mlima, unanyamaza. Sikugeuka. Niliogopa kuona barabara tupu kuliko nilivyoogopa kumwona.

Misungwi niliomba chumba cha watu wawili, mdomo ukasema wenyewe. Mhudumu wa gesti, mama mmoja mchangamfu, aliniletea taulo mbili na sabuni mbili ndogo.

"Huyu wa pili anafika saa ngapi?"

"Amechelewa kidogo," nikasema.

Asubuhi nilioga kwa sabuni zote mbili, moja isionekane imesahauliwa.

Siku ya pili nilirudi hadi njia panda ya Usagara na kushika barabara ya Kigongo. Ule mkwaruzo ulikuwapo. Nilianza kuuzoea, kwenye miteremko nilijikuta nacheka, kwa sababu dada aliogopa miteremko na alikuwa anapiga kengele hovyo kama anafukuza ng'ombe.

Tangu daraja lifunguliwe, Kigongo palikuwa pamepoa. Foleni ya kivuko haipo, na wauzaji wengi wametawanyika. Nilimkuta bibi mmoja aliyekuwa akiuza samaki pembeni ya mama yetu, bado anakaanga, sinia lake dogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu," akaitikia. Kisha akachungulia nyuma yangu. "Mwenzio yuko wapi?"

Nilijua jibu. Nimelitoa kwa watu wengi. Lakini yeye alitujua tangu tunatambaa, na uongo haukutoka. Nikasema, "Amefariki, mama."

Alinipiga mdomoni kwa vidole vyake vyenye mafuta. Si kwa nguvu, ila nilishtuka kama mtoto.

"Ameenda kuteka maji," akasema kwa ukali. "Sema."

"Ameenda kuteka maji."

Akanifungia samaki wawili kwenye karatasi, akanigeuzia mgongo. Nilimwona akifuta macho kwa kanga.

Nilivuka daraja polepole. Upepo ulinisukuma upande, na chini kabisa maji yalikuwa ya kijivu. Katikati nikasimama. Nyuma, kule kukwaruza kukasimama. Nikasema kwa sauti, "Basi, tumevuka." Halafu nikaendelea.

Busisi niliingia kwa mama lishe, banda la mabati lenye meza moja ndefu. Hakuna aliyenijua. Binti aliyehudumu akaniuliza natumia nini, na nikasema, kwa kukusudia kabisa, "Chai. Kikombe kimoja."

Akakileta. Nilikitazama kikiwa peke yake juu ya meza. Maishani mwangu sikuwahi kuagiza hivyo, hata nilipokuwa mbali naye. Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, kichwa mezani, miezi kumi yote kwa mpigo. Mama lishe aliacha sufuria zake, akaja kuketi mbele yangu, akanishika kiganja.

"Pole, dada. Unamlilia nani?"

"Pacha wangu," nikasema. "Amekufa."

Alikaa nami mpaka nilipomaliza, na chai ikapoa. Kifua kilikuwa chepesi. Nikamshukuru, nikafunga mzigo, nikaondoka kwenda Sengerema.

Nilipita kilima cha kwanza ndipo nikagundua. Nilipunguza mwendo. Nikasimama. Nilisikia kengele ya mbuzi mahali fulani na pikipiki mbali, lakini si ule mkwaruzo. Kwa mara ya kwanza tangu Mkuyuni nikageuka, na barabara ilikuwa tupu mpaka ilipokata kona.

Kesho yake, hadi Kamanga, nilisimama kwenye kila mlima kumsubiri. Nilinunua mandazi mawili, nikala moja. Kwenye dirisha la kivuko mkata tiketi aliuliza tuko wangapi. Nikasikiliza nyuma yangu.

"Mmoja," nikasema.

Kwa miezi kumi ukoo mzima ulikuwa umemficha kifo chake. Mimi ndiye niliyemwambia.