Maua ya Gauni Jeupe

Harusi ile ya kule Adungosi inanitia kinyaa hadi leo. Mpiga picha nilikuwa mimi. Jua la saa sita lilikuwa kali, na gauni la bibi harusi jeupe pe, kifuani maua meupe yaliyodariziwa na mama yake mwenyewe. Kamera yangu huonya: nikishapiga, sehemu iliyozidiwa na mwanga inawaka na kuzima kwenye skrini. Maua yakaanza kuwaka na kuzima, nikapunguza mwanga.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi akachungulia. "Boss, kamera yako iko na shida, inawakawaka. Na mbona bibi harusi anatoka mweusi hivi? Zima hiyo kitu, ongeza mwanga, ang'ae!"

Nikamwambia maua yatapotea. Akaniweka kando, akamwita mpiga picha mwingine. Binti mzuri vile, na watu wake wanaionea aibu rangi yake! Upuzi mtupu.

Baadaye mwenyekiti na mama wa bibi harusi walileta albamu ya yule mwingine dukani kwangu Malaba, eti nirudishe maua. Kifua kizima kilikuwa cheupe kama sahani. Picha ikiungua kwa mwanga hivyo, hakuna cha kurudisha. Mama akaipangusa kwa pembe ya leso, kana kwamba weupe ule ni vumbi.

"Wacha, mama," mwenyekiti akasema. "Si ameng'aa?"